Sadaka Isiyo na Tarehe

Sehemu ya Saba

Haya, ninyi mlionitumia salamu za matusi kwa sababu nilimwacha Bi Ahadi kapiga magoti stoo huku kitasa cha mlango kinazunguka, nimewasikia. Nimerudi kumtoa. Ila tukifika mwisho msianze tena kunilaumu.

Kwa mgeni wa leo, nakueleza upesi upesi. Bi Ahadi ni mwanamke wa Kituo, kile kinachotunza wagonjwa wasio na wa kuwatunza. Kazi yake ni kukaa na watu wenye mali na umri, awaombe wakikumbuke Kituo wangali na akili zao. Mmoja huandika wosia. Mwingine hukatwa pensheni kidogo kidogo kila mwezi. Mwingine hutoa nyumba yake leo, akaendelea kuishi humo kama kawaida, na Kituo kinaichukua siku akifariki. Hapo ndipo jina lake linachongwa kwenye kibao cha shaba na kutundikwa ukutani. Akishafariki, nasema. Kuchonga jina la mtu anayepumua ni mwiko pale tangu Kituo kianze.

Na kibao alichokuwa amekishika Bi Ahadi kilikuwa na jina la shangazi yake. Kilikuwa na mwaka wa kuzaliwa. Kilikuwa pia na mwaka wa kufa, ambao ni huu huu tulio nao.

Shangazi mwenyewe asubuhi hiyo alikuwa amempigia simu kumgombeza kwa ajili ya balbu ya chooni.

Mlango ukafunguka.

"Bi Ahadi! Unatafuta nini kwenye vumbi lote hili?"

Alikuwa Mkurugenzi. Kituoni wote humwita Bwana Mipango, mbele yake na nyuma yake, naye jina hilo analipenda. Ni mtu wa sauti ya chini na suruali iliyonyooshwa vizuri, mwenye kauli moja mdomoni mchana kutwa: sisi hatukurupuki. Mgonjwa akizidiwa, hatukurupuki. Paa likivuja, hatukurupuki, na ndoo inaletwa.

"Nilifuata bahasha, bosi."

"Na hicho ulichoshika?"

Kukificha hakukuwezekana. "Bosi, hili ni jina la shangazi yangu."

"Naliona."

"Shangazi yangu ni mzima!"

"Tushukuru basi." Alikichukua kibao mikononi mwake polepole, akakipangusa kwa leso. "Mchongaji kakosea. Nilimwambia aandae majina ya jengo jipya bila miaka. Watu hawa ukiwaambia hiki wanafanya kile." Akakifunga tena kwenye karatasi, akakilaza juu ya kifurushi kingine cha ukubwa ule ule. "Leo si ndiyo siku yake ya kutembelewa?"

"Ndiyo."

"Sista Cheko ameshatoka kwenda huko. Chupa ya chai nimeiandaa mwenyewe leo. Bibi nimemtilia tangawizi." Alitabasamu. "Nenda nyumbani ukapumzike, Bi Ahadi. Uso umekushuka."

Akamshikia mlango mpaka akatoka.

Nje, Bi Ahadi alisimama akilitazama jengo jipya. Kuta zilikuwa zimesimama, paa hakuna, nondo zimeota kutu, na mkandarasi alikuwa ameshaondoka na mashine zake. Nyumba za kuuzwa ili kulimalizia jengo lile zilikuwepo, zimeahidiwa, zimesainiwa. Tatizo wenyewe walikuwa bado wanaishi ndani ya nyumba hizo.

Akakumbuka mkutano mmoja. Bwana Mipango alikuwa amesimama mbele yao, akasema kwa ile sauti yake, "Ugumu wa sadaka ya namna hii ni mmoja tu. Haina tarehe."

Watu walicheka. Bi Ahadi ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi. Sasa kicheko kile kilimrudia.

Tena jambo lililomuuma zaidi ni hili: matembezi yale na chupa ya chai yalikuwa wazo lake yeye. Ndiye aliyewaambia wenzake kwamba mtoaji akishasaini asiachwe kama ganda la muwa. Atembelewe kila wiki, apelekewe chai, aulizwe habari za magoti. Na ndiye aliyemshika shangazi mkono akamwambia, "Utakaa kwako mpaka mwisho wako, hakuna wa kukusukuma." Hata yeye mwenyewe alitangulia kusaini, akatoa kijumba chake, ili wazee wasiogope. Mpishi huonja kwanza, alipenda kusema, na wazee walicheka wakaomba kalamu.

Alipiga simu ya shangazi. Ikaita mpaka ikachoka.

Hilo peke yake halikuwa ajabu. Shangazi huitia simu kwenye droo, eti ikae ipumzike.

Alivuka barabara mbio kutafuta pikipiki. Pale pale ilipo stendi ya pikipiki ndipo ilipo karakana ya mchonga vibao, na mchongaji alipomwona alipandisha miwani yake ya kazi kwenye paji la uso, akasimama kwa adabu.

"Poleni na msiba, dada."

"Msiba gani, fundi?"

"Si bibi yule? Jamani, nilimpenda bibi yule. Alikuja hapa kwa miguu yake kuagiza kibao chake."

"Aliagiza mwenyewe?"

"Mwenyewe! Alichagua herufi, akanipunguzisha bei mpaka nikaona haya kukataa. Akasema anataka akione akiwa na macho, maana watu wa ofisini wanaweza kumwandikia jina la jirani. Nikamuuliza, mwaka wa mwisho tuweke nini? Akacheka sana. 'Hapo pana mwenyewe,' akasema. 'Mwachie Mungu nafasi yake.'"

Bi Ahadi alijikuta anatabasamu. Huyo ndiye shangazi, si mwingine. Mwiko wa Kituo kwake ulikuwa upuuzi wa watu wazima.

Halafu tabasamu likamfia mdomoni. "Nafasi ya Mungu aliijaza nani, fundi?"

"Bwana mmoja wa hapo kwenu. Alinipigia juzi. Mstaarabu, anaongea chini chini. Akasema bibi hatunaye, nimalizie. Nikamwambia nipe wiki. Akasema hapana, tuanze mapema, wao huwa hawakurupuki. Basi nikakaa nikavimaliza vyote viwili."

Lakini neno la mwisho mchongaji alilisema na vumbi. Bi Ahadi alikuwa ameshapanda pikipiki, anampiga dereva mgongoni kama mtu anayebisha mlango wa daktari.

Juzi! Juzi shangazi alikuwa sokoni anagombana na muuza nyanya.

Kwa shangazi hakupiga hodi. Alisukuma mlango ukagonga ukuta, picha ya marehemu baba ikapinda.

Shangazi alikuwa kwenye kochi, kanyoosha miguu juu ya stuli. Mbele yake, mezani, kikombe kimefunikwa kisahani, mvuke unachungulia pembeni. Kando yake Sista Cheko, nesi wa Kituo, mdomo mwekundu wa rangi, kacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

"Usinywe!"

"Toba!" Shangazi aliruka. "Umeanza lini kuingia nyumba za watu bila hodi? Ndivyo nilivyokulea?"

"Shangazi, umekunywa hiyo chai?"

"Sijakunywa. Kwani ina nini?"

"Usiiguse. Ina kitu."

Kicheko cha Sista Cheko kilizimika. "Ina kitu gani, dada?"

"Sijui. Sumu. Dawa. Sijui!"

"Mimi nimletee bibi sumu? Mimi?" Macho ya msichana yalijaa machozi papo hapo. Watu wanaocheka upesi hulia upesi. "Nimewaosha wagonjwa wenu, nimewalisha, nimewafumba macho walipokata roho, leo niitwe muuaji?"

"Sikusema wewe..."

"Umesema! Haya, tazama basi!"

Kabla Bi Ahadi hajavuka zulia, Sista Cheko alikwisha kufunua kisahani, akakigeuza kikombe, akagugumia chai yote mpaka chini. Akakipiga mezani. "Mmeona? Tangawizi tu. Tena imezidi."

Walimtazama. Naye akasimama, mikono kiunoni, ananusanusa kamasi, mzima wa afya.

"Keti, mwanangu," shangazi alimwambia. "Huyu mpwa wangu kazi imempanda kichwani. Ahadi, mwombe radhi mwenzio."

Bi Ahadi aliomba radhi. Uso ulimwaka kwa aibu. Akakaa, akasimulia yote: stoo, kibao, mchongaji, simu ya juzi. Shangazi alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kibao niliagiza mimi," alisema mwishowe. "Hilo kweli. Lakini mwaka sikuuagiza. Nani anaagiza kifo chake kama kitanda kwa seremala?"

"Na chai, shangazi? Nimeogopa chai."

Shangazi alimtazama nesi kwa jicho la haya kidogo. "Hiyo chai yenu, mnisamehe, sijawahi kuinywa. Ni maji ya kusuuzia sufuria. Namngoja huyu mtoto aondoke, kisha namwaga. Sitaki kumvunja moyo."

"Bibi!" Sista Cheko alicheka, lakini kicheko kilitoka polepole, kimeburuta miguu. "Wiki zote... hizo... unamwaga?"

"Zote, mwanangu."

"Leo bosi... alisema nikae mpaka... umalize. Alisema nisimame... niione..."

Hakumaliza. Kichwa kilimwanguka begani, kisha mwili wote ukateleza kwenye kiti, taratibu, mpaka chini kwenye zulia.

Bi Ahadi alipiga ukelele. Shangazi hakupiga. Shangazi alikuwa mkunga miaka yake yote, nusu ya watu wa mtaa ule walitua duniani mikononi mwake, na damu na vilio vya watu havikuwahi kumtoa akili. Alishuka chini kwa magoti yake mabovu, akamfunua nesi jicho, akamshika mshipa wa mkono, akaweka sikio kifuani.

"Anapumua. Ni dawa ya usingizi. Huyu kijana ana moyo wa ng'ombe, atalala halafu ataamka na kichwa kinauma." Akainua macho kwa mpwa wake. "Mimi na moyo wangu huu wa presha ningelala moja kwa moja. Na nani angeuliza? Bibi mzee, kalala kwenye kochi lake, hakuamka. Watu wangesema amekufa vizuri."

"Kama yule mwalimu," Bi Ahadi alinong'ona. "Kama yule mama wa cherehani."

Wote wawili walikuwa wametoa nyumba zao. Wote wawili walifariki mwaka huu, kwenye viti vyao, siku za matembezi. Bi Ahadi ndiye aliyewaandikia hotuba za maziko, akalia wakati anazisoma. Msomaji, fikiria mwenyewe mzigo aliohisi mgongoni wakati ule. Mimi nashindwa kuupima.

"Ni mimi, shangazi. Mimi niliwaleta. Mimi nilikuleta wewe."

"Utalia baadaye. Mshike miguu, tumpeleke jikoni. Mlaze ubavu."

Walimburuta mpaka jikoni, wakamlaza kwenye mkeka, mto kichwani. Bi Ahadi alitoa simu ampigie daktari yeyote asiye wa Kituo. Alikuwa bado anatafuta namba aliposikia gari linazimwa nje.

Shangazi alisogeza pazia kwa kidole kimoja.

Gari la Kituo. Bwana Mipango anashuka, kavaa koti jeusi. Mkononi ana shada la maua meupe.

"Hodi," alisema mlangoni, kwa ile sauti yake. "Hodi wenyewe. Poleni. Poleni sana na msiba."

Bi Ahadi alirudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyekuwa amemwambia mtu yeyote lolote. Mtu huyu alikuwa amepanga mpaka rambirambi, na amefika nazo kwa saa yake.

"Tutokee mlango wa nyuma," alinong'ona.

"Halafu twende wapi? Tuseme nini? Nani atamkamata mtu kwa kutilia watu tangawizi?" Shangazi alikuwa ameshalala kwenye kochi, anajinyoosha. "Anataka maiti. Mpe. Weka simu yako irekodi, iegeshe nyuma ya picha ya baba yako. Mtu akidhani amemaliza kazi, ulimi unalegea."

"Shangazi, siwezi!"

"Nifunike."

Alimfunika kwa shuka, kichwa mpaka miguu. Simu akaiwasha, akaiegesha nyuma ya picha ya baba. Kutoka chini ya shuka ikaja sauti ya chini, kali.

"Sasa lia. Ulipokuwa mdogo ukinyimwa sukari ulisikika mtaa wa tatu. Lia!"

Bi Ahadi alifungua mdomo atoe kilio cha uongo. Kikatoka cha kweli. Kilitoka cha mwalimu, cha mama wa cherehani, cha shuka lile alilolivuta kwa mikono yake mwenyewe juu ya uso wa mtu aliyemlea. Alilia mpaka akashika ukuta.

Bwana Mipango aliingia taratibu, akavua viatu mlangoni. Akaweka shada miguuni pa shangazi. Akainamisha kichwa kwa muda, kama mtu mwema.

"Umewahi kufika, Bi Ahadi. Nilidhani nimekutuma ukapumzike."

"Nilikuja kumletea balbu," alisema katikati ya kwikwi.

"Masikini. Amekwenda kwa amani?"

"Alikunywa chai. Akasinzia."

"Vizuri." Alishusha pumzi ndefu. "Usijilaumu. Ulimwahidi nini? Kwamba atakaa kwake mpaka mwisho wake. Amekaa, au hakukaa? Sisi hatujamdhulumu. Wagonjwa wanalala chini kwenye veranda, Bi Ahadi, wewe unawaona. Wao hawana muda. Hawa wazee walishatoa nyumba kwa hiari yao. Mimi nimeweka tarehe tu."

Nyuma ya picha, simu ilikuwa inasikiliza. Bi Ahadi alifuta uso, akajitahidi asiitazame.

"Na Sista Cheko yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Ameondoka akaacha chupa?"

Aliisogelea meza. Akakiinua kile kikombe kitupu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ukingoni palikuwa na alama nyekundu ya midomo, imekaa vizuri kabisa.

"Shangazi yako," aliuliza kwa upole, "alikuwa anapaka rangi ya mdomo?"

Bi Ahadi alikitazama kikombe. Na kana kwamba hilo halitoshi, kutoka jikoni kukaja mkoromo mmoja mrefu, wa msichana mwenye moyo wa ng'ombe.

Bwana Mipango hakushtuka. Hakuinua sauti. Alirudi mlangoni, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni mwa koti jeusi.

"Pale stoo ulifungua kimoja tu," alisema.

"Kimoja nini?"

"Kibao. Vilikuwa viwili." Alichukua kikombe kisafi kutoka kabatini, akafungua chupa, akamimina chai mpaka karibu na ukingo. "Wewe ndiye uliyetangulia kusaini, wazee wasiogope. Mpishi huonja kwanza. Hukusema hivyo?"

Harufu ya tangawizi ikajaa sebuleni. Kwenye kochi, chini ya shuka, vidole vya miguu vya shangazi vilijikunja.

Bwana Mipango alikuwa ameligeuzia kochi mgongo, kikombe kimemnyookea Bi Ahadi, mkono wake mwingine umemshika bega.

"Umelia sana, koo limekauka. Kunywa," alisema. "Taratibu. Sisi hatukurupuki."